NANI ALILIPIA DARSA? Historia ya kuwasomesha watu wazima, kutoka Suffa hadi kisomo cha ngumbaru

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu katika imani, kila Ramadhani inapokaribia misikiti yetu huchangisha. Tunachangia mazulia, rangi, feni, spika, tangi la maji ya kutawadhia, na futari. Yote ni kheri, na Allah awalipe wanaotoa. Lakini ukiuliza katika msikiti huo huo, "Darsa ya watu wazima ina fungu gani?" watu wanatazamana. Haina fungu. Ina mwalimu anayejitolea mpaka atakapochoka, ina ubao uliopasuka, na ina wanafunzi wa kuhesabu kwa vidole.

Leo nataka tusome historia. Tuviache vita na wafalme, tutazame jambo ambalo vitabu hulitaja kwa kupita tu: mtu mzima alipotaka kusoma, nani aliomba darsa ianzishwe, nani alitoa fedha, na fedha zilipokatika yakawa nini. Posti ni ndefu. Nimeigawa mafungu ili mwenye shughuli asome fungu moja, akirudi aendelee.

1. DARSA ILIYOLISHWA KWA TENDE

Msikiti wa Mtume (S.A.W) pale Madina ulikuwa na sehemu yenye kivuli iliyoitwa Suffa. Waliokaa pale wengi hawakuwa watoto wa chuo. Walikuwa watu wazima waliohama na nguo walizovaa, hawana nyumba, hawana jamaa mjini. Abu Hurayra (R.A) alikuwa mmoja wao, na tunajua sote ni hadithi ngapi zimetufikia kupitia kwake. Lau asingekuwa na pa kukaa na cha kula, angepata wapi nafasi ya kusikiliza na kuhifadhi?

Sasa walikula nini? Wapo masahaba wasomaji wa Qur'ani waliokuwa wakiteka maji na kukata kuni mchana, wakaziuza, na fedha zile zikanunua chakula cha watu wa Suffa. Usiku wakasoma na kusomesha. Na Ansari wenye mashamba ya mitende walikuwa wakileta vichala vya tende na kuvitundika baina ya nguzo za msikiti. Mwenye njaa alivipiga kwa fimbo, zikadondoka tende, akala.

Wafasiri wanasimulia kwamba wako waliotundika tende mbovu, zile ambazo wao wenyewe wasingezila isipokuwa kwa kufumba macho. Ndipo ikateremka aya ya 267 katika Suratul Baqara, kukataza mtu kuchagua kibaya ili akitoe sadaka. Tuizingatie sababu hiyo ya kuteremka. Miongoni mwa watu wa mwanzo kulindwa na aya hii walikuwa wanafunzi watu wazima waliokaa msikitini. Walikuwa na haki ya kupewa kilicho kizuri, wala si masalio.

2. JE, MWALIMU ALIPWE?

Ubada bin Samit (R.A) alikuwa akiwafundisha baadhi ya watu wa Suffa mambo mawili: Qur'ani na kuandika. Nasema tena, na kuandika. Ndani ya msikiti wa Mtume, mtu mzima alikuwa akifundishwa kushika kalamu. Anayesema leo kwamba kusoma na kuandika ni "elimu ya dunia" na si kazi ya msikiti, aanzie hapa kwa Ubada kwanza.

Mwanafunzi mmoja akamzawadia Ubada upinde. Ubada akaona si mali kubwa, na atautumia katika njia ya Allah. Hata hivyo akaenda kumuuliza Mtume (S.A.W), akaonywa onyo kali asiupokee.

Upande mwingine ipo hadithi sahihi ya masahaba waliomsomea Fatiha mtu aliyeumwa na nyoka au nge, wakapewa mbuzi, na Mtume akawaridhia. Katika riwaya moja akaeleza kwamba Kitabu cha Allah ndicho chenye haki zaidi ya watu kuchukua ujira kwacho.

Kutokana na hadithi hizi mbili maulamaa walitofautiana. Imam Malik na Imam Shafii waliruhusu ujira wa kufundisha Qur'ani. Imam Abu Hanifa na wanafunzi wake wa mwanzo walikataza. Lakini Mahanafi wa baadaye wakabadilisha fatwa wakaruhusu, na sababu waliyoitoa ni ya kihistoria kabisa. Zamani walimu walikuwa wakipata posho kutoka Baitul Mal. Posho zile zilipokatika, mwalimu akawa hana budi kwenda kutafuta riziki yake, na wakaogopa Qur'ani ikapotea mikononi mwa watu.

Ndugu zangu, hao ni mafakihi wakubwa waliotazama hali ilivyo na kusema: ikiwa hakuna anayemlipa mwalimu, elimu itakufa. Sisi bado tunamwambia ustadh, "Wewe fundisha tu, malipo yako kwa Allah." Malipo yake kwa Allah yapo, hatuna shaka. Lakini kodi ya nyumba yake ni kwa mwenye nyumba, na mwisho wa mwezi mwenye nyumba anabisha hodi.

3. WANAWAKE WALIODAI SIKU YAO

Katika Bukhari imo hadithi ya Abu Said al-Khudri (R.A). Wanawake walimwendea Mtume (S.A.W) wakamlalamikia kwamba wanaume wamewazidi, wanakaa naye kila wakati. Wakamwomba awawekee siku yao maalumu. Akawawekea siku, akakutana nao na kuwafundisha.

Darsa ile haikuanza kwa kamati kuketi na kuamua kina mama wanahitaji nini. Wanafunzi wenyewe waliomba. Walijua wanachokosa, wakakitaja, nao wakasikilizwa.

Na Bi Hafsa bint Umar (R.A), mama wa waumini, alifundishwa kuandika na Shifaa bint Abdillah (R.A), mwanamke wa Kikureshi aliyejua kalamu wakati ambapo wanaume wengi wa Makka hawakuijua. Mtume (S.A.W) alimtaka Shifaa amfundishe Hafsa pia dua ya kutibu ugonjwa mmoja wa ngozi, kama alivyomfundisha kuandika. Basi mwalimu mwanamke anayemsomesha mwanamke mtu mzima si jambo la kisasa lililoletwa na wafadhili. Lilikuwepo nyumbani kwa Mtume.

4. FIDIA YA BADR

Vita vya Badr vilipiganwa mwaka wa 2 Hijria, sawa na 624 Miladia. Mateka wa Kikureshi walitakiwa kujikomboa kwa fedha, na kwa matajiri fidia ilifika dirhamu 4,000. Wapo ambao hawakuwa na kitu ila walijua kuandika. Kama ilivyopokewa kwa Ibn Abbas (R.A), fidia ya hao ikawa kuwafundisha watoto wa Ansari kuandika.

Najua tukio hili wengi wetu hulitaja kama ushahidi wa elimu ya watu wazima. Riwaya yenyewe inataja watoto, na tuiache hivyo. Mimi nalitaja kwa sababu ya hesabu yake. Madina wakati ule ilikuwa maskini. Wahajiri wameacha mali zao Makka, watu wa Suffa wanalala na njaa. Kila mateka aliyeachiwa kwa kufundisha ni fedha ambazo Waislamu hawakuzipata. Dola changa yenye shida ilikubali kukosa fedha mkononi ili ipate watu wanaojua kuandika. Hakuna aliyesema, "Elimu tuingoje mpaka tupate uwezo."

5. WAKFU: KUIFANYA DARSA IISHI BAADA YA MWENYEWE KUFA

Umar bin Khattab (R.A) alipata ardhi Khaybar, mali nzuri kuliko zote alizowahi kuwa nazo. Akamwendea Mtume (S.A.W) kutaka ushauri. Akaelekezwa auzuie ule mzizi na kuyatoa sadaka mazao. Ikawa ardhi haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi, na mapato yake yanakwenda kwa mafakiri, jamaa, wasafiri na wengineo aliowataja. Huo ndio wakfu ambao mafakihi waliufanya kiolezo cha wakfu zote.

Karne zikapita, na kiolezo hicho kikaingia katika elimu. Waziri Nizam al-Mulk wa dola ya Waseljuki alijenga Nizamiyya ya Baghdad, ikafunguliwa mwaka 1067. Aliiwekea wakfu: mapato yakawalipa walimu na yakawapa wanafunzi posho na makazi. Wanafunzi wake walikuwa watu wazima waliokwishamaliza masomo ya mwanzo. Imam Ghazali alisomesha pale kuanzia 1091 mpaka 1095.

Lakini historia haifichi kitu. Siku ya ufunguzi mwalimu aliyeteuliwa, Abu Ishaq al-Shirazi, hakutokea. Alikuwa amesikia kwamba kiwanja na vifaa vya ujenzi vilichukuliwa kwa dhulma. Akawekwa mwingine kwa siku chache mpaka Abu Ishaq aliporidhishwa akaja. Watu wamekusanyika, waziri ameshagharimu, na mwalimu anauliza fedha zimetoka wapi! Leo mfadhili akija na bango lake tunakimbilia kupiga picha naye.

Nizam al-Mulk aliuawa mwaka 1092. Madrasa haikufa naye. Ibn Battuta alipofika Baghdad mwaka 1327, zaidi ya miaka 230 baadaye, aliikuta Nizamiyya inatajika kwa uzuri wake. Waziri alikwisha kuwa mchanga, lakini mali aliyoizuia iliendelea kufanya kazi. Sote tunaijua hadithi ya amali za mja kukatika isipokuwa kwa mambo matatu. Hapa sadaka yenye kuendelea na elimu yenye manufaa zilikutana mahali pamoja.

Ibn Battuta huyo huyo alifika pwani yetu mwaka 1331. Alipoteremka Mogadishu, kabla ya kushuka Mombasa na Kilwa, alipelekwa kulala katika nyumba ya wanafunzi wa elimu iliyotayarishwa kwa ajili ya kuwakirimu. Ilikuwa imetandikwa mazulia, na chakula kikaletwa. Maana yake, karibu miaka 700 iliyopita katika mji wa mwambao huu, mtu mzima aliyefunga safari kutafuta elimu alikuwa na paa na sahani. Kuna aliyefikiria hilo, na kuna aliyelilipia.

6. MWAMBAO WETU

Tuje karibu zaidi. Sheikh Abdallah Bakathir alifungua chuo chake Ukutani, Unguja, mwishoni mwa karne ya 19. Sifa ya chuo kile haikuwa kwa watoto peke yao. Watu wazima, wengine maulamaa kamili, walikuja kukaa mbele ya Sheikh kutoka miji mbalimbali ya mwambao, kisha wakarudi kwao kusomesha. Lamu, Habib Swaleh, Mngazija kwa asili, aliifungua elimu kwa watu ambao wakubwa wa mji hawakuzoea kukaa nao jamvi moja: maskini, wageni, na waliotoka utumwani pamoja na vizazi vyao. Alifariki mwaka 1935, na Riyadha yake mpaka leo inasomesha.

Nani alilipa? Wenye nyumba na mashamba. Wazee wetu waliacha wakfu za minazi, mikarafuu, maduka na nyumba za mawe. Hati nyingi zilitaja mafuta ya taa za msikiti, maji, mikeka, khitma kwa ajili ya marehemu, na riziki ya imamu na mwalimu. Darsa baina ya Magharibi na Isha ilisomwa chini ya taa iliyowashwa kwa fedha za mnazi wa mtu aliyekwisha kufa.

Kisha serikali ikaingia. Kenya sheria ya makamishna wa wakfu ilitungwa mwaka 1900, na Zanzibar Kamisheni ya Wakfu ikaundwa mwaka 1905, zote chini ya Waingereza. Yapo yaliyopata nafuu, maana kuna wasimamizi waliokuwa wakila mali ya wakfu kama urithi wa baba zao. Lakini uamuzi wa mapato ukasogea kutoka mtaani kwenda ofisini. Na mtu asiyeshika ufunguo wa sanduku huzoea kuona sanduku si lake.

Uko mfano mwingine usiotajwa sana. Baada ya Vita Kuu ya Pili kilianzishwa Mombasa chuo cha ufundi kwa Waislamu wa Afrika Mashariki, kilichojulikana kwa jina MIOME. Waliochangia hawakuwa wa upande mmoja: Sultani wa Zanzibar Seyyid Khalifa bin Harub, Aga Khan, Mabohora, na serikali ya Uingereza. Madhehebu tofauti na siasa tofauti, na wote walikubaliana kwamba kijana Muislamu anahitaji fundi umeme, fundi mitambo na ubaharia ili ale kwa jasho lake. Chuo kile baada ya kubadilika majina ndicho leo Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa.

7. KISOMO CHA NGUMBARU

Wenye umri wangu na kuzidi wanakumbuka neno ngumbaru. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, sehemu kubwa ya watu wazima walikuwa hawajui kusoma. Mwaka 1967 walikadiriwa kuwa karibu 7 katika kila 10. Usiku wa kuamkia mwaka mpya wa 1970, Mwalimu Nyerere alitangaza redioni kwamba 1970 utakuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima.

Kabla ya hapo, kuanzia 1968, mradi wa majaribio uliosaidiwa na UNESCO ulikuwa ukiendeshwa Mwanza na mikoa inayozunguka Ziwa. Uliitwa kisomo chenye manufaa. Vitabu vyake havikuanza na habari za sungura na fisi. Mkulima wa pamba alijifunza herufi kwa kitabu cha pamba, mwenye migomba kwa kitabu cha migomba, mvuvi kwa kitabu cha uvuvi, mfugaji kwa kitabu cha ng'ombe. Mtu mzima hana muda wa kupoteza. Ukimfundisha neno ambalo kesho atalikuta shambani kwake, kesho kutwa atarudi darasani.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa vikundi vikundi kuizunguka redio, kiongozi wa kikundi ana kijitabu, kipindi kikiisha wanajadili, kisha wanakwenda kuchimba vyoo, kufyeka vichaka na kuondoa madimbwi ya mbu. Walioshiriki walikadiriwa kufika milioni 2. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Na kule Mwanza likaanzishwa gazeti la wanaojifunza kusoma, likaitwa Elimu Haina Mwisho.

Matokeo yake yalishangaza dunia. Takwimu za serikali za mwaka 1986 zilionesha wasiojua kusoma wamebaki chini ya 10 katika kila 100.

Sasa tuulize swali letu: nani alilipa? Serikali ilitoa, na wafadhili wa nje walitoa, Sweden ikiwa mbele yao. Na walimu? Wengi walikuwa wa kujitolea: walimu wa shule za msingi, vijana waliomaliza darasa la saba, makarani, masheikh na mapadri vijijini. Posho yao ilikuwa shilingi 30 kwa mwezi.

Shilingi 30 mwanzoni mwa miaka ya 1970 zilikuwa na heshima yake. Ilipofika miaka ya 1980 uchumi ukayumba, bei za vitu zikapanda, na zile shilingi 30 zikawa hazinunui kitu. Mahali pengi hata hizo hazikufika. Wafadhili wakaelekea kwingine. Madarasa yakaanza kufungwa, moja baada ya jingine, bila mtu kutangaza kwamba yamefungwa. Mwalimu hakuja wiki hii, hakuja ijayo, wanafunzi wakatawanyika. Miaka iliyofuata, idadi ya wasiojua kusoma ikapanda tena.

Simlaumu mtu. Ile ilikuwa kazi kubwa, na wazazi wetu wengi waliweza kusoma barua za watoto wao kwa sababu yake. Lakini linganisheni. Nizamiyya ilifungamanishwa na mali inayozalisha, ikaishi karne mbili na zaidi baada ya mwanzilishi kuuawa. Kisomo chetu kilifungamanishwa na posho isiyopanda na fedha za mgeni, na baada ya miaka 15 kikawa kinapumua kwa shida.

Na tusidhani watu wazima walikuwa wamechoka kusoma. Kenya ilipofuta karo za shule za msingi mwaka 2003, mwaka uliofuata mzee Kimani Maruge, mwenye miaka 84, aliingia darasa la kwanza kule Eldoret akiwa na kaptura na soksi ndefu. Alisema anataka kuweza kuisoma Biblia mwenyewe, ajue kama wahubiri wanamwambia kweli. Yeye si wa dini yetu, lakini hamu yake naijua. Ninaiona kwa wazee wa msikiti wetu wanaoshika msahafu na kuubusu, kisha wakaurudisha juu ya rafu.

8. KWA NINI NASEMA HAYA LEO

Mama mmoja wa mtaani kwetu, muuza vitumbua, alinijia na karatasi iliyokunjwa mara nane. Ni mkataba wa mkopo, ile mikopo inayoitwa kausha damu. Alikuwa ameweka dole gumba. Aliambiwa kwa mdomo jambo moja, na karatasi ilisema jambo jingine: riba ya kila wiki, na kitanda chake, friji yake na masufuria yake ni dhamana. Mama huyu amehifadhi sura nyingi. Yasin anaisoma kwa moyo bila kukwama. Lakini karatasi ya Kiswahili, lugha aliyozaliwa nayo, hakuweza kuisoma.

Nikamwambia aje darsa ya kina mama. Akanijibu kwa adabu, "Sheikh wangu, mimi nitakuja. Lakini kabla ya kunifundisha tajwidi, nifundisheni kwanza kusoma karatasi kama hii, nisije nikaingia katika riba tena kwa dole langu mwenyewe."

Nikawakumbuka wale wanawake wa Madina. Huyu naye ameomba siku yake. Ametaja anachokosa. Na riba ni haramu iliyokuja na onyo zito katika Qur'ani. Kumfundisha mama kusoma mkataba ni kumkinga na haramu. Nani atasema hiyo si kazi ya msikiti?

9. TUFANYE NINI

Kwanza, tuanze kwa kuuliza. Kamati isikae ikaandika ratiba kisha ikaleta mwalimu. Waulizeni kina mama, bodaboda, wavuvi, wazee: mnataka kujua nini? Mmoja atasema kusoma na kuandika, mwingine Safina na hukumu za tohara, mwingine hesabu za duka na zaka yake, mwingine namna ya kuandika wasia. Kozi iwe na mwanzo na mwisho, miezi mitatu au sita, ili mtu mzima ajue anaingia katika nini.

Pili, tuweke wakfu wenye jina. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii, fedha taslimu haziwi wakfu kwa kauli mashuhuri, kwa sababu ukizitumia zimekwisha. Basi fedha zinunue au zijenge kitu kinachobaki. Fremu moja tu ya duka kwenye ukuta wa msikiti inatosha kuanzia. Tuseme inakodishwa shilingi 100,000 kwa mwezi: 60,000 zikawa posho ya mwalimu, 15,000 daftari na chaki, na 25,000 zikawekwa kwa ukarabati. Mafakihi wameliweka wazi hili, kwamba mapato ya wakfu huanza kwa kuutunza wakfu wenyewe. Nyumba ya wakfu isiyopakwa chokaa huanguka, na kodi isiyopandishwa kwa miaka 30 huwa sadaka kwa mpangaji.

Tatu, iandikwe hati. Sharti la mtoa wakfu linaheshimiwa karibu kama tamko la sheria, basi sharti liandikwe: "Mapato haya ni ya kuwasomesha watu wazima wa mtaa huu, wanaume na wanawake." Kama halikuandikwa, miaka kumi baadaye fedha zitanunua spika nyingine. Isajiliwe kwa jina la bodi ya wadhamini, Bara ni RITA, Zanzibar iko Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, Kenya wapo makamishna wao. Na kila mwezi mhazini abandike hesabu ukutani, aliyetoa shilingi elfu na aliyetoa milioni wasome karatasi ile ile.

Nne, posho ya mwalimu iwe sehemu ya mapato, isiwe kiasi kilichogandishwa. Kodi ikipanda, posho ipande. Hilo ndilo funzo la shilingi 30.

Tano, tuulize fedha zimetoka wapi, kama alivyouliza Abu Ishaq. Fedha za dhulma au za riba zisijenge darsa ya kuwakinga watu na dhulma na riba.

Na wewe usiye na kitu usiseme huna nafasi katika jambo hili. Wapo waliotoa mashamba, na wapo waliokata kuni wakaziuza ili watu wa Suffa wale. Kama unajua kusoma, kata kuni zako: toa saa mbili kwa wiki, umfundishe mtu mmoja. Mmoja tu, mpaka aweze kusoma mkataba wake na aya yake.

Ewe Mola wetu, warehemu wote walioacha mnazi, nyumba au duka ili sisi tusome. Wape nuru makaburini mwao kama walivyotuwashia taa misikitini. Wabariki walimu waliofundisha bila kulipwa, na utusamehe sisi tulioona hivyo ni sawa. Tujaalie mali za halali, na uzijaalie ziendelee kufundisha sisi tukiwa tumeshalala mchangani. Waepushe mama zetu na riba, na uwafungulie macho yao yasome.

Amin. Wabillahi tawfiq.

Wassalamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.

Msomee na yule asiyeweza kuisoma.